BUIBUI MRUKAJI SI ADUI WA SHAMBA: TUMJUE KWA JINA LAKE



Katika msimu mmoja wa mvua za vuli niliingia shambani asubuhi kutazama kunde zangu. Juu ya majani nikaona buibui wadogo, weusi wenye michirizi myeupe. Hawakutanda utando wala hawakukimbia. Kila mmoja aligeuka akanitazama usoni, kisha akarukia jani la pili. Niliingiwa na hofu. Nikasema moyoni, "Kumbe hawa ndio wanaonimalizia kunde." Nikaenda dukani, nikanunua dawa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa karo ya watoto, nikajaza bomba, nikanyunyiza shamba zima. Kesho yake buibui wote walikuwa wamekufa, nami nikafurahi. Haukupita mwezi, vidukari wakajaa kwenye mashina na maua ya kunde kama masizi juu ya chungu, na mfukoni sikuwa na senti ya kununua dawa tena.

Sisemi kwamba buibui wale peke yao wangaliwazuia vidukari. Vidukari huja kwa sababu nyingi. Nasema hivi tu: nilitumia fedha ya karo kumwua kiumbe ambaye hali kunde, kwa sababu sikumjua. Tangu siku hiyo nimejitahidi kumjua, na haya niliyoyapata yafaa kila mtu wa Miasenyi ayasikie, maana naona wengi bado wanalifanya kosa lile lile langu.

NI KIUMBE WA NAMNA GANI

Kwanza, buibui si mdudu kama nzige au panzi. Mdudu ana miguu sita. Buibui ana minane, hana mabawa wala vipapasio kichwani. Na huyu mrukaji ana alama yake ya kumtambulisha upesi: macho manane, na kati ya hayo mawili ya mbele katikati ni makubwa kama taa za lori. Kwa macho hayo huona vizuri kuliko buibui wengine wote, na ndiyo sababu hukugeukia unapomkaribia.

Hategi utando wa kunasa mawindo. Huwinda kama chui. Humnyemelea nzi polepole, akifika karibu huruka na kumdaka. Kabla ya kuruka hubandika uzi mahali alipo, kama mtu anayejifunga kamba kabla ya kushuka kisimani, ili akikosa asianguke chini. Nguvu ya kuruka haitoki katika misuli mikubwa ya panzi. Yeye husukuma maji ya mwilini mwake yaingie miguuni kwa ghafula, na miguu hujinyosha na kumrusha.

Je, ana sumu? Karibu kila buibui ana sumu ya kuulia mawindo yake. Lakini huyu mdogo, hata akibanwa na nguo akauma, hamletei mtu hatari. Tusichanganye mambo: wako buibui wa kuogopwa. Yuko mmoja wa kahawia mwenye alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo, akaaye katika utando wa ovyo chini ya mapipa, viti na pembe za choo. Huyo watoto waonywe wasimguse. Basi hapo ndipo faida ya kwanza ya kujua aina inapoonekana: anayeogopa wote huua wasio na hatia, na anayewazoea wote siku moja ataumwa.

ORODHA YA BUIBUI NA RAMANI YA SKIMU

Kila mwenye shamba katika skimu anajua kazi ya ramani na bikoni. Bila bikoni, shamba moja hudaiwa na watu wawili, au mtu mmoja huandikwa mara mbili. Wenye elimu ya viumbe nao wana kazi kama hiyo. Kila aina ya buibui hupewa jina lenye sehemu mbili, la ukoo na la aina yenyewe. Jina hilo hufungwa kwenye buibui mmoja aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho, naye ndiye bikoni. Likitokea shauri, watu humrudia yeye.

Kazi hii kwa buibui ilianza katika mwaka 1757, wakati Carl Clerck wa Sweden alipotoa kitabu chake cha buibui. Katika mwaka 2022 orodha ya buibui wa dunia inayotunzwa katika makumbusho ya Bern, Uswisi, ilifika aina 50,000, na wa elfu hamsini alikuwa buibui mrukaji, aitwaye Guriurius minuano, wa Amerika ya Kusini. Wala si ajabu, maana kabila la warukaji ndilo kubwa kupita yote ya buibui. Lina aina zaidi ya 6,000 katika koo zaidi ya 600. Katika mwaka 2015 Wayne Maddison wa Kanada alilipanga upya kabila hilo katika milango saba, kwa kutazama maumbile yao na pia vinasaba, yaani maandiko ya urithi yaliyomo ndani ya mwili. Katika milango hiyo saba, mmoja ndio wenye watoto karibu wote; mingine sita ni midogo. Wazee wa Kitaita hawatashangaa, wanajua jinsi kichuku kimoja kiwezavyo kujaza bonde na kingine kikabaki na nyumba tatu.

Kazi yenyewe ni ngumu. Dume na jike wa aina moja huweza kuwa na rangi mbalimbali kabisa, hata zamani wakapewa majina mawili kama wageni wasiojuana. Watoto wao mara nyingi hawawezi kutambuliwa aina mpaka wakomae, kwa sababu alama ya hakika imo katika viungo vya uzazi, navyo hutazamwa kwa hadubini. Tena wako wanaojigeuza. Ukoo wa Myrmarachne hufanana na siafu na chungu: mwili mwembamba wenye kiuno, na miguu ya mbele huinuliwa juu ikatikiswa kama vipapasio. Hesabu miguu yake ndipo utakapomgundua.

Na wataalamu nao hukosea, kisha hujisahihisha. Katika mwaka 2002 Wanda Wesołowska wa Poland pamoja na mwenzake walieleza habari za mrukaji wa Zimbabwe anayekula mchwa, wakamwundia ukoo mpya, Mashonarus. Baadaye ilionekana kwamba ni wa ukoo wa zamani, Stenaelurillus, na jina jipya likafutwa. Mwaka ule ule wa 2002 Charles Warui wa Kenya na Rudy Jocqué wa Ubelgiji walimpa jina Toxoniella taitensis, buibui wa vilima vyetu vya Taita, ambaye si mrukaji. Walimtia katika kabila ambalo lilijulikana sana visiwani Bukini na Komoro; baadaye wengine wakamhamishia kabila jingine. Mtu asiseme kwa hiyo kwamba elimu hii ni ya kubahatisha. Ramani inayosahihishwa ni bora kuliko isiyosahihishwa, nasi tulio na mipaka ya mashamba tunajua hivyo.

KISIWA SI LAZIMA KIWE BAHARINI

Sasa nifike kwenye jambo linaloonyesha kwa nini aina ni nyingi hivi katika nchi za joto, hasa visiwani. Buibui mchanga hupanda juu ya jani au ncha ya ukuni, hutoa nyuzi nyembamba, upepo ukazishika na kumchukua. Katika mwaka 1832 Charles Darwin, akiwa katika meli Beagle karibu na pwani ya Amerika ya Kusini, aliona buibui wengi wadogo wametua juu ya kamba za meli, na nchi kavu ilikuwa mbali maili 60. Mlima wa Krakatau katika Indonesia ulipopasuka mwezi Agosti 1883 uliunguza kila chenye uhai kisiwani. Miezi tisa baadaye watu walifika kutafuta uhai, wakamkuta buibui mmoja mdogo anafuma utando wake.

Wengi huangamia baharini, wachache hufika. Hao wachache huzaana mbali na ndugu zao, na vizazi vikipita huwa aina nyingine. Hivi ndivyo visiwa vya Hawaii vilivyopata ukoo wa warukaji uitwao Havaika. Ukitaka mfano wa karibu, tazama Pemba. Kisiwa hicho kimetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu, nacho kina ndege na popo wake chenyewe. Unguja iko katika maji ya kina kifupi, nayo ilikuwa sehemu ya bara katika zamani za baridi kuu ya dunia, kabla bahari haijapanda.

Lakini kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Simama penye stesheni ya reli ya Miasenyi ukatazame. Upande mmoja utaona Kasigau, upande mwingine Sagalla, na nyuma yake vilima vya Dawida. Kasigau hupita mita 1,600, na Vuria kule Dawida hupita mita 2,200. Huko juu kuna ukungu na msitu wenye unyevu. Huku chini ni nyika, jua na vumbi jekundu. Kwa kiumbe mdogo anayetaka unyevu, nyika hii ni bahari, na vilima vile ni visiwa. Ndiyo sababu kuna ndege wa Taita wasiopatikana pengine duniani. Kule Sagalla kuna kiumbe asiye na miguu, afananaye na mnyoo lakini ni jamaa ya chura, ambaye alipewa jina lake la elimu katika mwaka 2005 tu, na anapatikana katika kilima hicho peke yake. Wakulima wa Sagalla walikuwa wakimfukua kwa majembe miaka yote.

Basi nauliza: kama kiumbe mkubwa kiasi cha kuonekana kwa jembe alikaa bila jina mpaka mwaka 2005, je, buibui aliye mdogo kuliko punje ya kunde?

HATA NYIKA INA HAZINA YAKE

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya milimani. Huku kwetu kuna miiba tu." Sivyo. Ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, Mkomazi ni nyika ile ile ya migunga na miti ya miiba, iliyoshikana na Tsavo. Katika mwaka 2000 Wesołowska pamoja na Tony Russell-Smith walitoa makala ndefu juu ya buibui warukaji wa Mkomazi peke yake, na aina nyingi zilizomo zilikuwa hazijapewa jina na mtu yeyote. Kabla ya hapo, msafara wa Waswidi ulikusanya wanyama katika Kilimanjaro na Meru miaka 1905 na 1906; warukaji wao walielezwa na Roger de Lessert wa Uswisi katika mwaka 1925. Kwa hiyo upande wa kusini wa jirani zetu umeandikwa mara mbili. Nyika haina mpaka wa buibui. Sioni sababu kwamba pori la Kasigau liwe maskini kuliko la Mkomazi.

Na jina likishajulikana, faida hufuata. Mfano mkubwa uko hapa Kenya. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kuna kituo cha ICIPE, chuo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo katika mwaka 1970. Hapo Robert Jackson wa New Zealand na wenzake walimchunguza mrukaji aliyepewa jina la Evarcha culicivora katika mwaka 2003. Buibui huyu hukaa nyumbani na karibu na nyumba za watu pande za ziwa, na chakula akipendacho kuliko vyote ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Katika mbu wote humchagua hasa Anofelesi, yule aletaye malaria. Kama hao wangaliitwa "buibui tu" na kufagiwa, nani angalijua?

Huko huko Mbita yuko pia Myrmarachne melanotarsa, aliyepewa jina katika mwaka 2002, ambaye huiga chungu wadogo weusi na hukaa wengi pamoja kama mtaa, jambo lililo nadra kwa warukaji. Na kule Meksiko na Kosta Rika yuko mmoja aitwaye Bagheera kiplingi, akaaye juu ya migunga yenye chungu, ambaye chakula chake kikubwa ni vichipukizi vya majani ya mgunga wenyewe. Hayo yalithibitishwa katika mwaka 2009. Mgunga na chungu! Nani kati yetu aliyewahi kutazama kwa makini migunga ya Miasenyi?

Lakini nawaonya: mtu asiache chandarua kwa sababu ya habari za buibui wa Mbita. Yule ni wa nchi ya ziwa, wala hamalizi mbu wote. Chandarua ni chandarua.

MAONI YANGU

Najua jibu nitakalopewa barazani. "Sisi tuna tembo wanaobomoa matangi na kula mahindi, tuna ukame, tuna mashauri ya mipaka, na wewe watuletea buibui!" Ni kweli, buibui hatafukuza tembo. Lakini tazama hesabu. Tembo humwezi peke yako, ukame humwezi. Fedha ya dawa iliyomwagwa bure iko mikononi mwako mwenyewe.

Wala sitaki kumsifu buibui kupita kiasi. Hachagui: hula vidukari, viwavi wadogo na nzi, lakini hula pia nyuki na hata buibui wenzake. Viwavijeshi wakivamia mahindi kwa wingi, buibui hatawamaliza. Hata hivyo yuko shambani kila siku bila mshahara, na dawa kali inayoua kila kitu humwua yeye pamoja na maadui. Tofauti ni kwamba vidukari huzaa upesi sana na kurudi, lakini yeye hukawia. Hapo katikati ndipo mkulima anapoumia, kama nilivyoumia mimi.

Kwa hiyo nashauri mambo haya:

1. Kagua kabla ya kunyunyiza. Geuza majani ya mimea kadha wa kadha katika kila upande wa shamba. Ukiona buibui tu na mimea ni mizima, weka bomba chini.

2. Ikibidi kutumia dawa, mwulize kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba dawa ya adui uliyemwona, wala si dawa ya "wadudu wote". Nyunyiza pale palipoharibika, na jioni nyuki wakiisha rudi.

3. Acha ukanda wa majani na vichaka mpakani, usichome kila kitu. Humo ndimo wawindaji wadogo hujificha wakati wa kiangazi.

4. Ndani ya nyumba, yule mdogo anayeruka ukutani mwache akamate nzi. Fagia utando wa chini ya viti na mapipa, na uwaonyeshe watoto tofauti.

Na ninalo neno kwa wakubwa na wenye elimu pia, maana haifai kuwalaumu wakulima peke yao. Bikoni nyingi za buibui wa nchi hizi zimo katika makabati ya Ulaya, na majina yao yameandikwa katika vitabu ambavyo mkulima hatavisoma kamwe. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana hazina ya viumbe na watu wanaojua kazi, kama Bwana Warui alivyoonyesha kwa yule buibui wa Taita. Naona yafaa watoto wa Taita Taveta wafundishwe kazi hii, ili jina litakalofuata la kilima chetu litolewe na mtu aliyezaliwa chini yake. Tena kila habari iliyopatikana shambani petu ingerudishwa petu kwa Kiswahili. Mtu hutunza anachokijua. Msitu wa Dawida umekatwa sana, umebaki vipande vipande. Kama vilima hivi ni visiwa, basi kila kipande kinachokatwa ni ufuo unaomezwa, na waliomo humo hawana mtumbwi wa kuhamia kwingine. Watapotea kabla ya kuandikwa katika daftari lolote.

Mwalimu aweza kuanza kesho bila senti. Awape watoto kazi ya kuhesabu warukaji wa namna mbalimbali katika ua wa shule: wenye michirizi, wa kijivu ukutani, walio kama chungu. Waandike mahali, siku na walichokuwa wakila. Wasiwashike kwa mikono, watumie gilasi au chupa safi, kisha wawaache. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mwaka mmoja atakuwa mkulima anayetazama kwanza ndipo anunue.

Mimi kunde zangu nimezipanda tena. Wiki iliyopita nilimwona mrukaji mmoja juu ya jani, ameshika kidukari mdomoni. Aligeuka akanitazama kama wale wa kwanza. Safari hii nilimwacha aendelee na kazi yake, nami nikaendelea na yangu.